Bima ya Mwili Wote Isipokuwa Moyo

Kama umepasuliwa moyo na unataka kupanda ndege, karatasi ngumu kuliko zote si pasipoti wala visa. Ni bima ya safari, hii ambayo hapa Kigali tunaita asiransi. Mimi ilinichukua karibu miezi minne kuipata, na katikati ya miezi hiyo nilifanya kosa moja ambalo sitaki mwingine alirudie. Ndiyo maana naandika. Naandika Kiswahili kwa sababu nimekulia upande wa Ngara, Tanzania, baba alipokwenda kutafuta kazi, na kwa sababu akina mama wengi ninaokaa nao kwenye benchi la hospitali wanakijua kuliko Kifaransa. Kifaransa changu ni cha darasa la jioni. Kinatosha kusoma fomu, hakitoshi kubishana nayo.

Nilipasuliwa Ubelgiji mwaka 1990, miezi michache kabla ya vita kuanza kaskazini. Masista ndio walioniombea nafasi. Mlango mmoja wa moyo ulikuwa umeharibika tangu utotoni, wakautoa, wakaweka wa chuma. Niliporudi nyumbani Kabuga nilikuwa na kovu kutoka chini ya koo mpaka juu ya tumbo, na nilikuwa na sauti. Chuma kinalia. Hakilii kwa nguvu, ni kama saa ya mkononi iliyofungwa ndani ya kitambaa, lakini watu wakinyamaza kinasikika. Mume wangu ilimchukua muda kuzoea. "Mama Imelda," alisema, "ni kama kukaa na mtu anayehesabu."

Mengine utayazoea pia. Nywele zangu zilikatika mbele, zikaota tena, lakini nyepesi. Nguo za zamani zilining'inia, halafu baada ya mwaka zikanibana. Kila siku saa kumi na mbili jioni nakunywa kidonge cha kuzuia damu isigande, na nitakunywa mpaka nife. Kwa sababu ya kidonge hicho, ukinishika mkono kwa nguvu, kesho yake pana alama nyeusi. Isombe, yale majani ya muhogo, nakula, lakini kiasi kile kile kila wiki, kwa sababu mboga za majani zinavutana na dawa. Mgeni akinipakulia sahani ya pili namwambia asante, nimeshiba, hata kama sijashiba.

Na kila mwezi kuna kipimo cha damu. Unatoka Kabuga alfajiri, unasimamishwa kwenye bariyeri ya askari, unashuka, unaonyesha kitambulisho, unapanda. Ukifika hospitali benchi limeshajaa. Usikate tamaa. Weka kitambaa chako, mwambie jirani yako jina lako, nenda ukanywe uji. Hakuna aliyewahi kuniibia nafasi. Palikuwa na nesi mmoja aliyekuwa anasugua viganja vyake kwanza kabla ya kunishika, ili visiwe baridi. Sikuwahi kujua jina lake. Nilimwombea hivyo hivyo, kama nesi wa viganja.

Sasa kosa.

Pasaka ya mwaka 1991, nilipoanza kupata nguvu, nilisimama kwenye kikundi chetu cha sala nikatoa ushuhuda. Tunakutana Jumamosi mchana kwenye ukumbi wa parokia, wanawake karibu wote, tunaimba, tunasali, na mwenye neno la shukrani anasimama. Nilisema Mungu amenipa moyo mpya. Nilisema siumwi tena. Watu walipiga makofi, wengine walilia. Nilikuwa na furaha, na mtu mwenye furaha hapimi maneno.

Katibu wetu ni Mama Felisita, mwanamke anayeamini kwamba kitu kisichoandikwa hakikutokea. Ana daftari kubwa la shuhuda. Yangu aliiandika vizuri kuliko nilivyoisema. Baadaye, kwa shuhuda zile kubwa, huwa anapiga chapa karatasi nzima na kwenda kuiwekea kashe ya parokia, ule muhuri wa mviringo. Yangu ilipata kashe. Aliniletea nyumbani ndani ya bahasha. Niliiweka kwenye sanduku pamoja na cheti cha ndoa. Sikuisoma mpaka mwisho.

Mwezi wa tano mwaka 1992 binti yangu Imelda aliandika kutoka Ubelgiji. Ameolewa huko na kijana wa kwetu, Anastazi, anayefanya kazi ya kupima ardhi. Imelda aliandika kwamba ana mimba, mtoto anategemewa mwisho wa mwezi wa tisa, na anataka mimi niwepo. "Mama, sitaki kupikiwa uji na nesi," aliandika. Tiketi mume wake ameshaitafuta. Kilichobaki ni visa, na ambasade, yaani ubalozi, hawatoi visa bila bima.

Nilikwenda mjini kwenye kampuni moja ya bima. Wakala aliyenipokea anaitwa Silivestri, kijana wa tai fupi, mpole. Alinipa fomu. Swali la nane liliuliza kama nimewahi kufanyiwa operesheni, na ya nini.

"Moyo," nilimwambia.

Kalamu yake ilisimama. "Moyo wa kweli, mama?"

"Kuna wa uongo?"

Alicheka, lakini akavuta kiti nyuma kidogo, kama watu wanavyofanya. Akasema niende nikalete ripoti ya hospitali na ateste, yaani cheti, yoyote inayoonyesha afya yangu sasa. "Dosiye iwe nzito," alisema, akigonga faili tupu. "Daktari wa makao makuu hapendi dosiye nyembamba."

Maneno hayo yaliniingia. Sisi watu wa hapa tumelelewa na makaratasi. Karatasi bila kashe si karatasi, na yenye kashe mbili inashinda yenye moja. Ripoti ya hospitali niliipata baada ya wiki mbili za benchi, kurasa nne za Kifaransa, na kashe moja hafifu. Ndipo Mama Felisita aliposema:

"Na ile ateste yako ya kupona? Kashe yake inaonekana mpaka upande wa pili!"

"Ile ni ushuhuda," nilisema.

"Imeandikwa juu nini? Si ateste? Sha, peleka. Unamficha Mungu kwenye sanduku?"

Niliipeleka. Niliiweka juu ya dosiye, mbele ya ripoti ya hospitali.

Jibu lilikuja katikati ya kiangazi, vumbi la barabara ya Kabuga likiwa limefika mpaka ndani ya vikombe. Silivestri aliniita mjini, akafunga mlango wa biro, ofisi yake.

"Mama, wamekataa."

"Kwa sababu ya moyo?"

"Kwenye moyo hata hawajafika. Sikiliza." Alifungua dosiye. "Karatasi hii ya hospitali inasema una chuma kwenye moyo na unakunywa dawa kila siku. Hii ya parokia inasema, soma mwenyewe, 'amepona kabisa, hana tena ugonjwa wala haja ya dawa.' Daktari ameandika kwamba mwombaji anatoa maelezo mawili yanayopingana. Anauliza ipi ya uongo."

Niliisoma. Hayo ya dawa sikuyasema mimi, Mama Felisita alikuwa ameyaongeza kwa mapenzi yake. Lakini hayo mengine yalikuwa yangu.

Silivestri aliteremsha sauti. "Mama, mimi nina mke anayesali kama wewe. Iko njia. Tufungue dosiye mpya, kwa jina lako la ujana. Ripoti ya hospitali tuiache nyumbani. Swali la nane, hapana. Kovu liko chini ya nguo, nani atakufungua?"

"Na nikianguka huko wakanifungua?"

"Hutaanguka. Si umepona?" Akaigonga ile kashe kwa kidole.

Nilimwambia nitafikiri. Mume wangu jioni ile hakutaka nifikiri. Ni mtu mtulivu, alikuwa dereva wa lori la kahawa miaka ishirini, hajui kupandisha sauti. Lakini alisema, "Ni neno moja, Mama Imelda. Hapana. Herufi sita. Mtoto wako anazaa peke yake kwa sababu ya herufi sita?"

"Si peke yake. Ana mume."

"Mume anajua kukanda mgongo wa mzazi? Yeye anapima ardhi!"

Siku tatu hatukuzungumza isipokuwa habari za chumvi na maji. Wale ambao wako kwenye ugonjwa mrefu watanielewa. Familia inakubeba vizuri kwenye hatari, halafu inachoka kwenye karatasi. Nilimwogopa pia Imelda. Alipiga simu posta kwa saa tuliyopanga, nikamwambia bado, akauliza habari za baba yake tu mpaka dakika zikaisha.

Nilisali novena. Sikupata sauti yoyote. Nilichopata ni akili tu ya kawaida: nikisema hapana na moyo ukasimama kule, bima haitalipa, na deni la hospitali litamwangukia Imelda akiwa na mtoto mchanga. Nikisema ndiyo, wanaweza kukataa, na sitamwona. Hayo mawili niliyaweka mezani siku tisa nikiyatazama. Siku ya kumi nilikwenda kwa Silivestri nikamwuliza daktari wa makao makuu anataka nini ili aniamini.

Alipiga simu hapo hapo mbele yangu. Akasikiliza, akaandika, akaweka chini. "Anataka waliotoa ile karatasi waifute kwa maandishi. Na kashe ile ile."

Padri wetu alinisikiliza akiwa anakunja stola yake. Hakunigombeza. "Kashe nitaweka," alisema. "Lakini ulisema mbele ya watu, mama. Rudisha mbele ya watu."

Mama Felisita ndiye aliyenigombeza. "Kufuta ushuhuda! Yewe, shetani hana hata haja ya kuja Kabuga, wewe umeshamfanyia kazi!"

"Sifuti shukrani. Nafuta uongo."

"Uongo wa nani?"

"Mwanzo wangu, mwisho wako."

Aliondoka bila kuaga. Wiki hiyo sokoni nilisalimiwa kwa ncha za vidole.

Jumamosi ukumbi ulijaa, kwa sababu habari mbaya zina miguu. Nilikuwa kiongozi wa nyimbo kwenye kikundi, nafasi yangu ilikuwa mbele, na nilijua nikikaa chini naweza nisiwe nayo tena. Nilisimama. Chuma kilikwenda mbio. Nilisema hivi, bila mapambo:

"Mwaka jana niliwaambia siumwi tena. Si kweli. Nina chuma ndani ya moyo na nakunywa dawa kila siku. Nikiacha dawa, damu inaganda kwenye chuma na ninakufa. Mungu hakuniondolea ugonjwa. Alinipa masista, daktari, na kidonge. Namshukuru kwa hivyo, si kwa kile nilichosema."

Mtu mmoja nyuma akasema, "Chuma? Chuma kipi?" Mama mwingine, "Anasema tu."

Sikuwa nimepanga kilichofuata. Nilimwita yule aliyekuwa karibu, Dafroza, mjane mnene anayeuza mtama, nikamwambia aweke sikio kifuani pangu. Alisita. Akainama. Ukumbi ulinyamaza mpaka ndege wa kwenye mabati walisikika.

"Maye!" Dafroza alisema. "Iko mtu anagonga!"

Walikuja mmoja mmoja. Wanawake wa Kabuga, kilemba baada ya kilemba, walipanga foleni kama ya komunyo, wakaweka sikio. Wengine walicheka kwa woga. Mmoja aliniuliza kama naenda mbele au nachelewa. Mama Felisita alikuja wa mwisho. Alisikiliza muda mrefu kuliko wote. Halafu akaenda mezani, akafungua daftari, akachora mstari mmoja juu ya ushuhuda wangu kwa rula, na kuandika chini yake nilichosema siku hiyo. Safari hii aliniomba nisome kabla ya kuweka sahihi. Hakuongeza neno.

Nilidhani yamekwisha. Nje, Dafroza alikuwa amenisubiri kwenye kivuli cha ukuta.

"Mama Imelda, mimi nilikuwa na vidonge vya presha."

"Ulikuwa?"

"Ulipotoa ule ushuhuda niliviacha. Nilisema, mwenye moyo mbovu amepona, mimi wa presha ni nani nisipone?" Alikuwa anatabasamu, kama mtu anayeomba radhi. "Kichwa kinaniuma tangu Noeli."

Katika ugonjwa wangu wote, pamoja na siku ile niliyoamka na mirija shingoni, hakuna neno lililonikaa kama hilo. Jumatatu tulikwenda pamoja zahanati. Muuguzi alipima, akafungua kitambaa, akapima tena mkono mwingine, akamwuliza amekuja kwa miguu? Nilikaa naye benchi mpaka saa nane. Bima yangu sikuifikiria hata mara moja siku hiyo. Dafroza sasa anakunywa dawa zake. Jicho moja halioni vizuri, na daktari hasemi kama ni kwa sababu hiyo. Mimi pia sisemi. Kama umepona kidogo, ndugu yangu, sema umepona kidogo. Kuna mtu nyuma anakusikiliza na ana vidonge mfukoni.

Karatasi ya kufuta ilikwenda makao makuu na kashe yake. Mvua za mwezi wa tisa zilikuwa zimeanza jibu lilipokuja. Silivestri alinisomea akiwa amesimama. Wamekubali: ugonjwa wowote, ajali yoyote, kurudishwa nyumbani hai au maiti. Isipokuwa moyo, na yote yatokanayo na moyo.

"Kwa hiyo mmeniwekea bima mwili mzima, mkabakiza kinachoumwa," nilisema.

"Hata mguu, mama. Hata jino." Alikuwa na aibu, maskini.

Ambasade walisoma mstari ule ule na kusema moyo lazima uwe na mdhamini. Mtu wa kule atie sahihi kwamba moyo ukiharibika atalipa yeye. Na mdhamini lazima asome ripoti yote ya hospitali kwanza, kurasa nne, aweke herufi za jina lake kwenye kila ukurasa.

Mtu wa kule ni Anastazi, mkwe wangu.

Hapa wageni hawataelewa, lakini ninyi mtaelewa. Kwetu, mkwe na mama mkwe wanaheshimiana kwa umbali. Tangu amwoe Imelda hajawahi kutamka jina langu. Mimi sijawahi kula mbele yake. Tukipishana njiani mmoja wetu anapisha. Sasa asome uzito wangu, kovu langu limeshonwa vipi, mimba zilizoharibika, damu yangu ya mwezi ilikoma lini. Ripoti ilikuwa na yote. Nilikaa nayo wiki nzima. Mume wangu safari hii hakunisukuma. Aliniuliza tu, "Yeye amekataa?"

"Hajaulizwa."

"Basi unaona aibu kwa niaba yake."

Niliipeleka posta. Imelda alijifungua ikiwa njiani. Msichana. Siku ya nane walimpa jina bila mimi, nikalisikia kwenye simu, na simu ikakatika katikati ya jina, ikabidi ningoje barua ili nilijue lote.

Sahihi ilirudi. Kwenye kila ukurasa herufi mbili ndogo, nadhifu, za mpima ardhi. Visa ilitoka. Kwa wale watakaofuata njia hii: peleka ripoti ya hospitali peke yake, jibu swali la nane kama lilivyo, uliza mapema nani atadhamini kile ambacho bima inakiacha, na beba dawa mkononi, usiziweke kwenye sanduku la chini. Pale uwanja wa ndege wa Kanombe wakikupitisha kwenye mlango unaolia, waambie kabla haujalia.

Nilifika asubuhi ya baridi, mtoto ana siku kumi na tisa. Imelda alikuwa nyumbani. Aliyekuja kunipokea ni Anastazi. Alisimama mbali na wale waliokuwa wanakumbatiana, ameinamisha macho, nami nikainamisha yangu. Akachukua mzigo. Kwenye gari nilikaa nyuma, mvua nyembamba kwenye kioo.

Mchana nilimshika mtoto mpaka mikono ikafa ganzi. Jioni ilipofika nilikuwa bado naye, Imelda amelala, na kwa mara ya kwanza tangu nipasuliwe nilisahau saa. Mlango wa chumba uligongwa kidogo. Anastazi hakuingia. Mkono wake tu ulipita mlangoni, ukaweka glasi ya maji juu ya kabati.

"Mama," alisema kutoka nje, sauti ya mtu anayetazama ukuta. "Ni saa kumi na mbili. Ukurasa wa tatu unasema usichelewe."